Ngome Nyuma ya Duka la Viatu

Cincinnati, Jumapili 13 Machi 1949

Kwa Shangazi Walburga,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepoa kidogo tangu Krismasi. Mimi sijambo, ila mgongo umechoka na mikono imepasuka kwa vumbi la chokaa. Tangu Februari niko kwenye kikosi cha kubomoa majumba. Nimepanga chumba kwa mama mmoja ambaye kila asubuhi anatupikia goetta, ile nyama ya nguruwe iliyosongwa na shayiri, mpaka sasa naiota. Nisalimie wote. Mwambie kaka Alfons asimuuze yule ndama mwekundu kabla sijamwona.

Sasa sikia nilichokiona. Tumepewa kubomoa mtaa mzima ili pawe uwanja wa kuegesha magari. Ukisimama barabarani huoni cha ajabu. Kuna duka la viatu, duka la mikate, na nyumba za kupanga za ghorofa nne zilizobanana. Kati ya viatu na mikate kuna kichochoro ambacho mtu mnene hapiti bila kugeuka ubavu. Nilipita humo Jumatatu na mtaimbo begani, nikatokea uani, nikainua macho.

Ngome, Shangazi. Ngome kabisa! Minara miwili, meno ya ukuta juu, madirisha membamba ya kupenyezea mishale, na kozi wa jiwe, yule ndege mwindaji, amekaa juu ya lango. Mwenzangu Hobart, mtu wa milima ya Kentucky, alivua kofia akasema, "Mfalme gani huyu aliyejificha nyuma ya fundi viatu?"

Chini ya kozi pamechongwa jina Falkenburg na mwaka 1868. Mimi niliachia shule darasa la sita, lakini jina hilo nalijua. Ndicho kiwanda cha bia ambako Babu Ignaz alikuwa fundi mapipa kabla hamjahamia Minnesota. Baba alinitajia mara moja tu, kisha akabadilisha mazungumzo.

Basi nimekuwa na swali, na kila siku nikinyanyua nyundo linarudi. Mtu aliyetengeneza mapipa ya bia miaka kumi na minne, kwa nini hakuionja tena mpaka kufa? Kwenye arusi ya Alfons watu walikunywa hadi padri akaimba, na babu amekaa pembeni na bilauri ya maji. Wewe ulikuwa msichana mkubwa mlipohama. Unajua. Niambie.

Mwanao,
Lorenz Kettler

---

Stearns County, Minnesota, 2 Aprili 1949

Kwa mwanangu Lorenz,

Barua yako ilifika Jumatano, na mimi nimevaa viatu vya theluji mpaka leo. Goti ni lilelile. Ng'ombe wawili wamezaa, mmoja kwa shida. Ndama wako mwekundu bado yupo, anakula kuliko mume wangu marehemu. Mungu akulinde huko juu ya makuta. Ule, na uvae soksi mbili.

Kwa hiyo Ngome bado imesimama. Nilidhani walishaigeuza kokoto. Nilizaliwa hatua arobaini kutoka lango lile, na wewe umeieleza kinyume. Haikujificha. Ilikuwapo kwanza, peke yake, na bustani mbele. Mwenye kiwanda alitaka ifanane na ngome ya kijiji alikozaliwa Ujerumani, ambako baba yake alikuwa akifagia zizi. Watu walimcheka. Kisha kila mwaka ikajengwa nyumba moja mbele yake ya kupangisha wafanyakazi, mpaka nyumba zikaimeza. Nilipokuwa na miaka kumi, wageni walikuwa wakisikia harufu ya kimea mtaa mzima na hawajui inatoka wapi.

Chini kuna maghala ya kupozea bia, matabaka mawili, baridi kama Januari. Katika mnara wa kushoto, chini, palikuwa na ukumbi wa wafanyakazi. Bia ilikuwa bure kwao, kila mtu na kikombe chake cha udongo chenye kifuniko cha bati, kila kikombe na kigingi chake ukutani, na namba. Walikuwa na sheria zao. Ukiacha kazi kwa heshima, unaondoka na kikombe chako. Ukifa, kinabaki palepale, kinageuzwa mdomo utazame ukuta, na hakuna atakayekigusa. Ukiwasaliti wenzako, kinavunjwa kizingitini nawe umesimama unaona.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kuhusu babu yako na bia, alipenda maji. Watu wengine hupenda maji.

Shangazi yako,
Walburga

---

Cincinnati, Jumapili 24 Aprili 1949

Kwa Shangazi,

Nashukuru kwa soksi, zimefika. Pasaka niliimalizia kitandani, jino lilinivimba mpaka Hobart akaniita boga. Sasa nafuu.

Barua yako nimeisoma hadi imechakaa, maana tumeukuta ule ukumbi.

Mnara wa kushoto, chini, hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta tu. Lakini matofali yake ni ya rangi nyingine na yamepangwa na mtu asiyejua kupanga. Hobart akagonga, ukaitika kama ngoma. Tukatoa matofali kumi, nikaingiza kichwa na taa.

Meza ndefu, mabenchi, jiko la chuma. Ukutani vigingi zaidi ya themanini, karibu vyote vitupu. Nilihesabu vikombe kumi na tisa. Hobart alikuwa anauliza mbona vimetazama ukuta kama watoto waliotiwa adabu, nami kwa mara ya kwanza maishani nikawa mwalimu. Nikamwambia, "Hao ni marehemu. Usiwaguse." Akarudisha mkono haraka.

Lakini, Shangazi, ni kumi na nane vilivyotazama ukuta. Kimoja kinatazama nje, kama mwenyewe ametoka kidogo kukojoa na atarudi. Namba 31. Sikukigusa. Vumbi limelala juu ya kifuniko chake kama unga.

Babu alikuwa namba ngapi? Nakuomba unijibu upesi. Msimamizi anasema mnara wa kushoto unaanguka kabla ya sikukuu ya tarehe nne Julai, na kila kilichomo kinakwenda na kifusi.

Lorenz

---

Stearns County, 9 Mei 1949

Kwa Lorenz,

Tumepanda shayiri. Mvua nzuri. Alfons ameumia kidole gumba kwenye plau na anajifanya ameumia mkono mzima.

Humo ndani hakuna kikombe cha babu yako. Usitafute. Fanya kazi uliyoajiriwa.

Jino ling'olewe, usilifuge.

Walburga

---

Cincinnati, Jumapili 5 Juni 1949

Kwa Shangazi Walburga,

Salamu. Jino limeng'olewa. Mzigo wa kazi ni uleule, joto limeanza, na jioni nikivua shati linasimama lenyewe kwa chumvi. Siku hizi huwa najiuliza kwa nini niliondoka shambani, kisha nakumbuka kwamba huko nako nilikuwa najiuliza kwa nini sijaondoka.

Umeandika hakuna kikombe cha babu humo. Nami nimekaa mwezi mzima najiuliza, umejuaje? Uko maili mia nane. Hukuniuliza hata namba 31 ni ya nani. Usinikasirikie. Mimi ni mtu wa nyundo, sijui kuzungusha maneno.

Wiki iliyopita nilikuwa nakula uani. Dirisha la ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, likafunguka, bibi kizee akatoa kichwa.

"Wewe mrefu! Nani alikufundisha kula umesimama kama farasi?"

"Mama, hapa hapana pa kukaa. Nimebomoa mabenchi yote mwenyewe."

"Basi panda huku uje ubomoe na kiti changu, maana ndiyo kazi yenu. Mwisho wa mwezi wa Juni wananitoa. Njoo, nina supu."

Anaitwa Apollonia Dietzel. Ana miaka themanini na mbili, macho makali, ulimi mkali zaidi. Alikuwa mfagiaji wa ule ukumbi, na mumewe Kaspar alifanya kazi kwenye maghala ya chini. Nilipomwambia tumetoboa ukuta, akaweka kijiko chini.

"Ukuta ule aliujenga Kaspar, siku walipofunga kiwanda kwa ile sheria ya kukataza pombe. Alikuwa hajawahi kushika tofali. Umeona ulivyopinda?"

"Nimeona, mama."

"Wazima wote walichukua vikombe vyao siku ile. Akaziba ili wezi wasiwaguse marehemu. Na ili kile kimoja kisubiri."

"Namba 31."

"Ya Ignaz Kettler, fundi mapipa."

Nikamwambia jina langu. Shangazi, alinipiga kofi la begani kwa nguvu kuliko Hobart. "Miaka hamsini na saba!" akasema. "Na mnakuja sasa, nikiwa nimebakiza wiki nne!"

Haya ndiyo aliyonieleza. Mwaka 1892 wafanyakazi kumi na wawili walikutana kwa siri mnarani siku ya Jumapili, kuanzisha chama chao. Babu alikuwa mmoja wao, tena ndiye aliyekuwa na zamu ya ulinzi wa moto siku hiyo. Jumatatu asubuhi kumi na mmoja walimwaga unga, Kaspar akiwemo. Mmoja tu aliachwa kazini, babu. Wenzake hawakuuliza zaidi. Kikombe chake kilivunjwa kizingitini. Hakujitetea hata kwa neno moja, na wiki hiyohiyo mkaondoka.

Yeye Bi Dietzel ndiye aliyefagia vipande. Alishindwa kuvitupa, akaviweka kwenye kopo la unga. Mwaka uliofuata mumewe aliporudishwa kazini alikuja kuujua ukweli, kwamba si Ignaz aliyesema. Akavichukua vile vipande akavigandisha kwa ile lami ya msonobari mliyokuwa mkipaka ndani ya mapipa, akakitundika kigingini, mdomo nje. Aliandika barua tatu kuwatafuteni. Hakujua mlikokwenda. Alipokufa aliacha neno kwa mkewe, kama Kettler yeyote atarudi, aombwe msamaha.

Kuna neno jingine alilonieleza bibi huyu. Sitaliandika. Si langu.

Kikombe nimekitoa jana ndani ya kopo langu la chakula, nimekiweka kwake. Hataki kunipa. Anasema, "Sitaki kukitoa kama mtu anayetupa paka. Niambie kwanza Ignaz alikufa na hasira nasi au hapana." Mimi sijui. Anayejua ni wewe. Mwisho wa mwezi anakwenda kwa binti yake Oregon, na sidhani atarudi kutoka huko.

Lorenz

---

Stearns County, 19 Juni 1949

Mwanangu Lorenz,

Hatujambo. Nyasi zimekatwa. Sina habari nyingine za nyumbani, na kama ningekuwa nazo nisingeziandika leo.

Barua yako ilikaa siku sita nyuma ya saa ya ukutani. Nilikuwa napita, naitazama, natoka kukamua.

Unalijua lile neno. Bibi huyo amekwambia, nawe umeninyamazia kwa adabu. Basi nitalisema mwenyewe, kwa sababu hata baba yako sikumwambia, na hata kwa padri nililizunguka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kila siku nilimpelekea baba chakula kwa ndoo ya bati yenye kifuniko. Ndoo ya mtu mmoja. Jumapili ile mama alinipa sufuria kubwa, soseji na kabichi chachu na mkate wa shayiri nyeusi, chakula cha watu kumi na wawili, akasema pita nyuma. Sikupita nyuma. Nilikuwa na gauni jipya, na watu walikuwa wanatoka kanisani.

Karani wa kiwanda alisimama, mtu mpole, kila mara alinivulia kofia kama vile mimi ni bibi harusi. Akainua kifuniko akanusa. "Leo Jumapili, mitambo imelala. Baba yako peke yake ana njaa hii?"

Nami nikacheka. Nilitaka ajue baba yangu ni mtu mkubwa, mwenye wageni. Nikasema, "Baba hali peke yake leo. Ana wageni mnarani." Akaniuliza akina nani. Nikamtajia, kwa vidole, mmoja mmoja, kama mtoto anayesoma katekisimu. Akanipa pipi ya mnanaa.

Yule karani alidhani anatulipa fadhila kumwacha baba kazini. Hakuna adhabu mbaya kuliko ile.

Jumatatu nilikuja na ndoo ndogo. Nilikuwa uani kikombe kilipovunjwa. Sikuona, niliwaona migongo tu. Lakini nilisikia, na nilimwona baba anatoka. Alinitazama, na nikajua anajua. Usiku wa safari ndani ya treni nilianza kumwambia. Akaniwekea kidole mdomoni akasema, "Wewe ulileta chakula. Mengine si kazi yako." Hakulirudia tena, wala mimi. Angeweza kusimama kizingitini pale na kusema, "Ni huyu mtoto." Wangemwamini. Asingehama. Alichagua kunywa maji miaka arobaini na minne.

Ulitaka kujua, sasa unajua.

Mwambie Bi Dietzel hivi. Baba alikufa Machi 1936, kitandani mwake, na siku mbili kabla aliniuliza kama naikumbuka harufu ya kimea asubuhi. Nikasema naikumbuka. Akasema, "Walikuwa watu wazuri wale." Hakuwa na hasira nao. Na mwambie aliyesema ni mimi, kama hajui ni yupi kati ya watoto wa Kettler.

Walburga

---

Cincinnati, Jumapili 10 Julai 1949

Kwa Shangazi mpendwa,

Nakusalimu sana, na safari hii sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na mwisho. Mnara wa kushoto umeanguka tarehe moja. Ulikuwa mgumu. Waliuvuta kwa nyaya mara tatu, na kozi wa jiwe alikuwa wa mwisho kudondoka. Wale marehemu kumi na wanane sikuweza kuwaacha. Mimi na Hobart tuliwabeba kwa toroli hadi kanisa la mtaani, padri amewapa rafu kwenye chumba cha chini. Tumewapanga wakitazama ukuta. Hobart si Mkatoliki, lakini alipiga magoti, akasema anatafuta msumari.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na tano. Nilipanda kwa Bi Dietzel nikiwa na vumbi vilevile. Vyombo vyake vilikuwa ndani ya masanduku, amekaa juu ya moja. Nikasoma kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma. Nilipofika pale pa pipi ya mnanaa akainua mkono.

"Acha kwanza. Anafikiri sijui? Karani alijisifu mwenyewe kwenye mazishi ya mkewe, amelewa. 'Kitoto cha Kettler kilinihesabia kwa vidole.' Kaspar alitoka nje akatapika. Ndipo akaja kuniuliza vile vipande viko wapi."

"Kwa hiyo mlijua tangu zamani ni Shangazi?"

"Tulijua tangu tisini na tatu. Walburga, mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Mara ngapi nilimpa maganda ya mkate mimi! Zile barua tatu za Kaspar, unafikiri zote zilikuwa za Ignaz? Moja ilikuwa ya yule mtoto. Tulisema, huyu atakuwa anajila mwenyewe huko aliko."

Kisha akaniambia nisome iliyobaki. Pale babu aliposema "walikuwa watu wazuri wale" alifunga macho, nikadhani amelala. Akafungua akasema, "Haya, chukua kikombe. Na usikifunge kwa magazeti, yanachafua. Chukua shuka langu hilo, Oregon wanayo mashuka."

Nilimpeleka kituo cha treni Jumatano. Dirishani alinipigia kelele mpaka watu wakageuka. "Mwambie asitie kitu cha moto! Lami itayeyuka! Cha baridi tu!"

Kwa hiyo ndani ya sanduku hili kiko kikombe. Lami imeacha mistari myeusi, kama ramani ya mito. Ukiangalia karibu na mkono utaona alama ya kidole gumba, Kaspar alikibonyeza lami ikiwa bado laini.

Kazi hapa imebaki wiki chache, kusafisha matofali na kusawazisha ardhi. Kichochoro kimekwisha, duka la viatu limekwisha. Ukisimama barabarani sasa unaona moja kwa moja mpaka ng'ambo, na hakuna kitu. Watu wanapita wanauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Hobart anawaambia palikuwa na mfalme.

Mwanao,
Lorenz

---

Stearns County, 14 Agosti 1949

Kwa mwanangu Lorenz,

Sanduku lilifika Alhamisi, na mtu wa posta alilishika kama yai kwa sababu ya ulivyoandika juu yake. Goti ni zuri, joto linalifaa. Shayiri imeiva mapema. Ndama wako si ndama tena, na Alfons amekataa kumuuza mara mbili, kwa hiyo mshukuru.

Shuka nimelifua na nitalirudisha Oregon. Nitumie anwani.

Kikombe nilikiweka mezani siku mbili bila kukigusa. Jumamosi nilimtuma Alfons mjini akalete chupa moja ya bia, baridi. Alinitazama kama nimepandwa na homa. Nikamwita na mkewe, nikawaketisha, nikawaeleza yote, kuanzia gauni jipya. Alfons alitoka, akarudi na bilauri nne, moja akaiweka mahali alipokuwa akikaa babu yako.

Nikamimina ndani ya kikombe mpaka juu. Tukasubiri, wote tumeinamia meza. Hakikuvuja hata tone.

Nikanywa mimi kwanza. Ni chungu, Lorenz. Sikujua.

Kisha nikakiosha kwa maji baridi, nikakikausha, nikapigilia msumari kando ya dirisha la jikoni. Nimekitundika, mdomo unatazama ukuta.

Shangazi yako,
Walburga